Wakfu wa Magurudumu Mawili

Mzee Hamdun alipokufa, mwanawe Hisham hakulia, na hilo liliwaudhi watu kuliko kifo chenyewe. Walikuja kutoka Sur na Nizwa, kanzu zimepigwa pasi, nyuso zimetengenezwa njiani, wakamkumbatia na kumpigapiga mgongoni ili machozi yatoke, kama mtoto mchanga anayecheulishwa. Hayakutoka. Alimshukuru kila mmoja kwa sauti ile ile anayoitumia dirishani kazini. Siku tatu za matanga zilipokwisha alirudi ofisini kwake mjini Ibra, Oman, akaendelea kugonga muhuri wa "imepokelewa" juu ya barua ambazo, kwa miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kumwambia zikitoka kwake huenda wapi.

Miezi minane ikapita hivyo. Mkewe, Shukriya, alimpeleka kwa daktari. Daktari akampima sukari, akampima presha, akamwambia kwa furaha kwamba ana moyo wa kijana wa miaka thelathini. Hisham aliipokea habari hiyo. Angekuwa na muhuri mfukoni angeigonga.

Na haikuwa huzuni. Huzuni angeikaribisha, angeitandikia mkeka. Ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa hotuba nzima ya Ijumaa: unauona mguu, unajua ni wako, lakini ukiufinya ni kama umemfinya jirani. Alikula halwa, akajua ni tamu kama anavyojua kwamba mji wa Adam uko kusini ya Nizwa.

Chini ya ngazi ya nyumba ya marehemu, nyuma ya madebe mawili ya samli na feni iliyovunjika shingo, palikuwa na baskeli. Mzee Hamdun aliipata alipokuwa mtunza stoo wa kambi ya wachimba visima, miaka michache tu baada ya kuja kutoka Unguja na mke, mtoto mmoja wa kike, na Kiarabu cha maneno arubaini, kila neno likifanya kazi ya maneno kumi. Mmarekani mmoja wa kambi ile alipoitwa kwao alimwachia. Ilikuwa baskeli ya Kimarekani ya kupungia upepo ufukweni: nyekundu, matairi manene kama mikono ya mpishi, usukani umerudi nyuma kama pembe za ng'ombe mwenye adabu, na katikati ya frimu tangi la bati, la uongo, lisilo na petroli wala faida, la kumfanya mpandaji ajione ana pikipiki. Breki ilikuwa moja, ya nyuma, ya kukanyaga pedeli kinyume. Mzee aliipanda miaka arubaini kwenda msikitini, sokoni na kazini, mgongo umenyooka, mwendo wa mtu anayekagua gwaride. Goti lilipomkatalia, baskeli ikaingia chini ya ngazi, mijusi wakairithi kabla ya watoto.

Siku moja kazini, baina ya muhuri na muhuri, Hisham aliona kwenye simu filamu fupi ya zamani. Wamarekani wenye nywele za mabibi harusi walikuwa wamezivua baskeli kama ile kila pambo, wakazitia usukani wa pikipiki na matairi ya meno, na wanajitupa nazo mlimani. Wenyewe wakiziita klanka, jina lenye mlio wa kitu kinachokaribia kukatika. Breki ya kukanyaga ilipata moto mpaka grisi ikachemka na kufuka moshi. Wakifika chini huifungua, huijaza grisi mpya, hupanda tena. Hisham hakuangalia baskeli. Aliangalia nyuso. Watu wazima wale walikuwa wanaogopa kwa dhati ya nafsi zao. Aliirudisha filamu mara kumi na moja, na barua kumi na moja hazikupokelewa siku ile.

Alitaka kuogopa. Hakuomba zaidi. Furaha aliona ni uroho.

Aliipeleka baskeli Sanaiya, mtaa wa magereji, kwa Bassam, mwenye duka la pancha. Ukoo wa Bassam ulitokea Bujumbura, na tangu utotoni yeye na Hisham kila mmoja alishikilia kwamba ni mwenzake asiyejua Kiswahili. Bassam aliizunguka mara mbili, akaipiga teke la heshima.

"Kaka, hii ni baskeli ama ni kitanda?"

Hisham alimwonesha filamu. Bassam aliitazama mpaka mwisho, mkono kiunoni, kisha akauliza kama Shukriya anajua. Hajui. Akauliza kama kuna mtu ofisini amemtuma. Hakuna. Basi akaenda kuchukua spana, maana ni kazi ya kwanza kwa mwaka mzima isiyokuwa Land Cruiser ya mtu mwenye haraka.

Walifanya kazi alasiri tano. Kwanza walivua: madigadi mawili, kifuniko cha cheni, stendi, taa, kengele, karia ya nyuma, na lile tangi la uongo. Rundo lililobaki sakafuni lilikuwa zito kuliko mbuzi wa idi. Baada ya hapo Bassam alipitisha kidole kwenye kila kiungo cha frimu akitafuta ufa, akaupata mmoja chini ya kiti, akauchomelea, akaongeza kipande cha chuma kama mtu anayetia kiraka suruali ya mwanawe. Pembe za ng'ombe zikatolewa, ukaja usukani mpana wa pikipiki iliyokufa. Matairi ya meno yaliagizwa Maskati. Nyuma wakafunga gia kubwa zaidi, ili mtu wa miaka hamsini na moja aweze kupanda kilima bila kuita mashahidi. Mbele wakatia gurudumu lenye breki ya ngoma, na Bassam akatoa onyo la pekee alilolisema bila mzaha: ya mbele ibusu tu, ukiikumbatia itakupitisha juu ya usukani, kazi yote ni ya nyuma.

Hisham alipitishiwa spana, alipitisha spana. Alikatika ukucha, akatazama damu, akajifunga kitambaa. Vitu vilivyovuliwa vilipata makazi. Karia Bassam aliipigilia ukutani ikawa rafu ya chai na sukari. Madigadi yakawa vibakuli vya kukingia mafuta machafu. Kengele na tangi vilikwenda kwa shangazi yake Hisham, Bi Kaltham, dada mkubwa wa marehemu, mwenye miaka themanini na minane, ambaye hakubali kitu chochote kitoke katika ukoo bila kupitia kwake. Tangi alilijaza mchanga akapanda rehani. Kengele aliifunga kwenye mguu wa kitanda, akawa anaipiga mchana kutwa kumwita mkwewe.

Baskeli ikawa tayari siku ya Jumanne. Jumatano akaja Badriya.

Badriya ni dada yake Hisham, mkubwa kwake kwa miaka saba, mwalimu mstaafu anayeishi Nizwa na kuuendesha ukoo mzima kutoka huko kwa simu. Ni yeye aliyekuwa kitandani kwa baba yao mpaka mwisho. Hisham saa ile ya kifo alikuwa dirishani akipokea barua. Jumatano hiyo Badriya aliingia dukani na buibui lake, akawakuta Hisham na Bassam, akaitazama klanka iliyosimama uchi juu ya benchi, na kwa muda mrefu hakusema, jambo ambalo Bassam alisimulia Sanaiya nzima.

Kisha alisema. Alieleza, kwa utaratibu wa mwalimu aliyeingia darasa la wajinga, kwamba baba yao maneno yake ya mwisho hapa duniani, na barakoa ya hewa usoni, yalikuwa mawili: baskeli, wakfu. Miezi yote hii yeye Badriya alisema tu kwamba ana wasia, hakutaja ni wa nini, kwa sababu alitaka liwe jambo la kushtukiza. Msikiti wa mtaani umekwisha ambiwa. Kibao cha shaba kimekwisha chongwa, na jina la marehemu, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo tu, jina la Badriya. Ijumaa ijayo baada ya sala itakabidhiwa kwa mwadhini. Mwadhini yule ana Lexus, lakini hilo halikutajwa.

"Mali ya wakfu haiuzwi, haigawiwi, hairithiwi," alisema. "Kila skrubu hapo ni ya Mwenyezi Mungu, na wewe karia yake umeipigilia ukutani ukaiwekea sukari."

Bassam aliishusha sukari taratibu.

Shekhe aliulizwa kwa simu pale pale. Akajibu, kwa hekima ya mtu aliyekatizwa chakula, kwamba kama marehemu kweli alitamka wakfu, basi na irudishwe kama ilivyokuwa. Hisham alisikiliza. Alijaribu kukasirika, akaona hasira ipo upande wa pili wa kioo, inampungia mkono. Kitu kimoja tu alikijua: mlima wa mnara wa simu uko nyuma ya mji, njia ya changarawe inateremka kutoka juu kilomita tatu, na baskeli ikirudi kuwa na madigadi hatateremka kamwe. Atarudi dirishani, na hapo atakaa, mguu wa jirani, mpaka naye watu waje na nyuso walizozitengeneza njiani.

"Sawa, dada," akasema.

Badriya alitarajia ubishi, alikwisha jiandalia aya mbili. Lile "sawa" lilimuudhi kuliko ubishi. "Hata hili halikugusi," alisema. "Wallahi sijui Baba alizaa mtu au alizaa kabati."

Kuikusanya baskeli walianza kwa Bi Kaltham, maana tangi na kengele vilikuwa kwake, na kwa Bi Kaltham huendi mmoja. Walimkuta juu ya godoro lake, miguu kanyoosha. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapiga kengele, mkwewe akaleta kahawa na tende, na kwa robo saa wakaulizwa habari za kila mtu aliye hai na wachache waliokufa. Ndipo Badriya akaeleza haja. Alisema ile rehani itabidi ihamishwe, na kengele ifunguliwe, shangazi atusamehe, ni amri ya marehemu.

Bi Kaltham akaomba aambiwe tena hiyo amri. Akaambiwa. Akatafuna tende, akatoa kokwa, akaiweka kwenye kisahani.

"Alisema wakfu, au alisema wakif?"

Badriya akasema ni wakfu, na kwamba barakoa ilikuwa inameza herufi, lakini yeye alisikia.

"Hebu sikilizeni wanangu. Hisham huyu kazaliwa hapa, hajui, lakini weye Badriya ulikuwepo. Hamdun alikuja nchi hii mtu mzima. Kiarabu hakikumwingia. Vitenzi ndivyo vilivyomshinda kabisa, akajipatia viwili vya kumfaa. Kinachokwenda, *shaghal*. Kilichosimama, *wakif*. Na akavipenda, akavitia hata akisema nasi Kiswahili. Friji wakif. Pampu ya kisima wakif. Goti wakif. Mama yenu alipofariki ni yeye aliyenipigia simu, akaniambia, Kaltham, moyo wake wakif. Ndivyo nilivyopata habari."

Hapo Hisham alimsikia baba yake. Hakumkumbuka, alimsikia, mlangoni mwa nyumba yao, anamwita fundi kwa simu kwa sauti ya kuita meli: sadiki, esi wakif, taal, yaani rafiki, kiyoyozi kimesimama, njoo. Watoto wa mtaa wakimwigiza. Yeye Hisham pia akimwigiza.

Badriya alikuwa ameshika kikombe cha kahawa bila kukinywa. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu, na kila ukifika mwisho unapata jibu lile lile.

"Kwa hiyo hakuniusia kitu," akasema. "Miezi minane nasema Baba kaniachia wasia. Kumbe alikuwa ananiambia baskeli mbovu."

Hisham angeweza kunyamaza. Alikuwa amekwisha shinda, na kunyamaza ndiyo kazi anayoijua. Lakini alimwona dada yake na kile kikombe, akatambua, kwa ubaridi, kama mtu anayesoma tarehe kwenye barua, kwamba ushindi wenyewe ni kumnyang'anya kitu pekee alichopata kitandani pale.

"Huenda ilikuwa wakfu, shangazi," akasema. "Barakoa ile ilikuwa nene."

"Barakoa gani," akasema Bi Kaltham. "Nimeishi na kinywa cha Hamdun miaka themanini. Na weye Badriya usinililie kwenye kahawa, inaingia chumvi. Kakuusia vizuri tu. Mtu akikwambia pampu imesimama, huipeleki msikitini ukaigongea kibao. Unaiendesha."

Akapiga kengele, kuonesha kwamba shauri limefungwa na kengele haitoki.

Garini Badriya alikaa bila kuwasha. Kisha akasema, akiangalia mbele, kwamba alikuwa akibebwa juu ya ile karia kupelekwa skuli. Miguu lazima uipanue, spoki zisile viatu. Alikuwa akishika kanzu ya Baba kwa nyuma, na Baba akimwambia shika kanzu, usishike mbavu, mbavu zina mwenyewe. Hisham hakuwahi kulisikia hilo. Yeye alipofika umri wa karia walikwisha nunua gari.

"Lini unakwenda kujiua?" akauliza Badriya, maana habari ya mlima Bassam alikwisha mpa.

Jumamosi asubuhi, akajibu.

Jumamosi asubuhi Bassam aliipakia klanka kwenye pikapu, wakapanda nayo mpaka kwenye mnara. Badriya alibaki chini, mwisho wa njia, ndani ya gari lake na kiyoyozi, chupa ya chai ya maziwa pembeni, na kisanduku cha huduma ya kwanza alichokiazima skuli aliyostaafia bila kuwaeleza ni cha nini. Shukriya naye hatimaye alikuwa ameambiwa. Alisema kama atarudi na hisia yoyote, hata ya njaa, itakuwa faida.

Juu, upepo ulikuwa mkavu na mji umelala chini kama vitu vilivyomwagika mfukoni. Bassam alimfunga kofia ngumu, akamkumbusha habari ya kubusu na kukumbatia. Hisham akakaa, akaachia.

Mita mia mbili za kwanza aliungojea woga. Changarawe ilianza kusema chini ya matairi, kisha ikaanza kupiga makelele. Njia ilikuwa na mawimbi yale yanayofanywa na malori, na kila wimbi lilipanda kwa usukani, likapita mikononi, likatokea kwenye meno. Alijiuliza, hii ndiyo? Haikuwa. Ilikuwa ni kutikiswa tu. Kona ya njia ikaja, upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa na mbuzi wawili chini sana, akakanyaga pedeli kinyume, nyuma ikateleza, ikashika. Akawaza kwamba kuna barua ya manispaa hakuigonga Alhamisi. Akawaza hivyo kabisa, pale pale, na kifo kiko upana wa mkono.

Akazidi kuachia. Kona ya pili, ya tatu. Harufu ya grisi inayoungua ikamfikia. Alipogeuka aliona anaburura uzi wa moshi, kama chetezo cha harusi kilichotoroka. Breki ilikuwa inalainika. Alikanyaga, ikamjibu baadaye kidogo kila mara, kama karani. Kilomita ya mwisho ilikuwa yote moja kwa moja, na hapo hakukanyaga tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi juu ya usukani. Alivitazama. Ulivyokuwa moyo kwa miezi minane, ndivyo vilivyokuwa vidole, vipo, vyake, havisemi.

Alisimama mita kumi mbele ya gari la Badriya, kwa breki zote mbili na viatu. Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa kinafuka. Alipokigusa kwa mate, yakachemka.

Badriya akashuka. Alimzunguka kama Bassam alivyoizunguka baskeli, akitafuta ufa. Hakuupata. Akammiminia chai, akampa kikombe, na kikombe hakikushikika: vidole vilikataa kufunga, chai ikamwagika juu ya buibui, ikamwagika juu ya kiatu chake. Ikabidi dada amshikie kikombe na mikono yenyewe, vyote pamoja, kama mgonjwa.

"Umeogopa?" akauliza.

Hisham alifikiri. Hakutaka kusema uongo mbele ya kitu kinachofuka moshi. "Sijui," akasema. "Vidole vinaanza kuuma."

Vilikuwa vinauma kweli. Kwanza sisimizi, kisha sindano, kutoka kwenye kucha kuja kiganjani, na kile kilichokatika ukucha kikiwa cha mbele. Maumivu ya kijinga, ya mtu aliyelalia mkono. Alivikunja, akavikunjua, vikazidi. Badriya hakuiachia mikono. Hakuna aliyelia. Mbuzi mmoja alikuja akanusa tairi.

Pikapu ya Bassam ikateremka na vumbi lake. Bassam akaona moshi, akaona chai, akauliza baskeli ikoje.

"Wakif," akasema Hisham.

Ilimtoka bila kufikiri, kwa sauti ya kuita meli. Badriya akatoa mlio mmoja puani ambao, kwa mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja, unahesabiwa kuwa kicheko.

Walikaa kwenye kivuli cha pikapu, wakangoja kitovu kipoe, Bassam akakifungua. Grisi ndani imekuwa masizi. Hisham akaichota yote kwa vidole vinavyouma, akafuta, akaanza kujaza mpya, kidogo kidogo, kama anavyofunza Bassam, mpaka gololi zote zimezama. Badriya alisimama juu yao na chupa ya chai, akisimamia.

"Na mkishaifunga," akasema, "mimi nitakaa wapi, na karia mmeifanya rafu?"

Bassam alimtazama Hisham. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, buibui, kilomita tatu za changarawe.

"Dada yangu, hiyo haiko seriasi," akasema Bassam.

"Kanzu umevaa?" Badriya alimuuliza kaka yake.

Alikuwa amevaa suruali. Akaambiwa mara nyingine avae kanzu, mtu apate pa kushika.